Ruhusa ya Marehemu

Mlango ulifunguka, na aliyeufungua alikuwa marehemu.

Ndiyo, msomaji, marehemu. Wewe uliyekaa na dukuduku juma zima, ukanunua gazeti hili kabla hata ya sukari, sasa tuliza moyo. Tulimwacha Theopista kwenye kizingiti cha nyumba moja nyuma ya mashine ya kusaga, Shinyanga mjini. Alikuwa anamtafuta mchimbaji aitwaye Silvesta, mtu pekee aliyetoka hai katika duara, shimo la wachimba dhahabu, lililoporomoka kule Mwakitolyo na kumfukia mumewe, Telesphori. Alitaka shahidi wa kifo. Aliyemfungulia mlango ni mume mwenyewe.

Hapakuwa na kufananisha. Uso ulikuwa ule ule, umeongezeka nyama kidogo. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakikuwepo, na Theopista alikuwepo siku shoka lilipokichukua. Jamaa amevaa kandambili, kashika kikombe cha chai, katulia kama mtu aliye kwake.

Msomaji wetu mmoja wa Nzega ameniandikia kwamba hapo lazima Theopista azimie, au amrukie mumewe shingoni kwa furaha. Ndugu yangu wa Nzega, wewe hujaolewa. Theopista hakuzimia. Alimtazama toka kandambili mpaka nywele, kisha akasema:

"Pole na safari, Telesphori."

Kikombe kilianguka.

"Nani huyo, Baba Donatus?" Sauti ya mwanamke ilitoka uani.

Telesphori akaweka kidole mdomoni. "Theopista, nakuomba. Nakuomba kwa Mungu, usiseme."

Kabla hajajibiwa akatokea mwanamke kijana, mchangamfu, mtoto kambeba mgongoni. "Jamani, mgeni anasimamishwa mlangoni? Shikamoo dada, karibu ndani. Mimi Salvina, Mama Donatus."

"Marahaba. Natoka Runzewe, mdogo wangu. Namtafuta Bwana Silvesta. Nimeambiwa alikuwa katika lile duara."

"Ee, Mama Maria! Lile duara!" Salvina akajishika kifua. "Huyu hataki hata kulisikia. Wenzake wote walifukiwa, Mungu akamtoa yeye peke yake. Tulipofunga ndoa kanisani, padri alimtoa kuwa mfano kwenye mahubiri. Kwani ulikuwa na ndugu yako mle?"

"Mume."

Machozi yakamtoka Salvina papo hapo, machozi ya kweli. "Pole, dada yangu. Pole sana. Baba Donatus, kaa naye umweleze mwenzio. Mimi nakwenda kubandika chai."

Alipogeuka, Theopista alimsikiliza yule mtoto mgongoni. Alikuwa amelala. Anapumua kimya, taratibu, kama watoto wa watu wote. Chuki iliyompanda Theopista wakati ule haikuwa ya mume wala ya mke mwenza. Ilikuwa ya zile pumzi, na aliionea aibu.

Kwa nini pumzi? Aliyejiunga nasi leo na asikie, na wengine mnivumilie kidogo.

Theopista ana binti mmoja, Anisia, wa miaka tisa. Anisia ana tundu kwenye moyo. Akipanda kilima kidogo tu midomo inageuka rangi kama katoka kula zambarau, na akilala, pumzi yake inasikika mpaka chumba cha pili. Daktari wa misheni alisema hapa nchini hakuna wa kuliziba tundu lile, lakini Bombei, kule India, yupo. Kupanda ndege daktari alikataza, kwa kuwa hewa ya huko juu ingemwishia mtoto njiani. Ikabaki meli. Masista wakaandika barua huku na huku mpaka nafasi ikapatikana, na Vijaya, mke wa Champaklal mwenye duka la vitambaa pale Runzewe, akajitolea kuwasindikiza, maana naye alikuwa anakwenda kumwona dada yake.

"Lakini Mama Anisia," Vijaya alimwonya tangu mwanzo, "meli inatazama karatasi, haitazami machozi. Ikikosekana moja tu, unabaki gatini unatupungia mkono."

Theopista alizitafuta karatasi hizo kama mtu anayeokota punje za mtama kwenye mchanga. Alichanjwa ndui, yeye na mtoto, akapewa vyeti. Akachanjwa homa ya manjano na kipindupindu, mkono ukamvimba, akapewa kadi. Hati ya kutodaiwa kodi akaifuata Kahama. Barua ya hospitali, viza, picha ndogo za uso mbele na masikio wazi, vyote akavipata. Ilibaki pasipoti yenyewe, ambamo jina la mtoto huandikwa ndani ya kitabu cha mama.

Hapo ndipo Bwana Januari wa Uhamiaji alipoweka kalamu chini. "Mtoto hatoki nje ya nchi kwa sahihi ya mzazi mmoja, mama. Baba yake yuko wapi?"

"Alikufa, bwana. Duara lilimfukia."

"Kaburi liko wapi?"

"Runzewe."

"Nani aliuona mwili?"

Theopista akainamisha kichwa. "Hatukuupata mwili. Tulizika mgomba."

Ndivyo ilivyo desturi ya ukoo wa Telesphori. Mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, hukatwa mgomba wa kimo chake, ukavikwa nguo yake, ukaliliwa na kuzikwa, ili roho isizurure. Habari ya kifo aliileta Maduhu, mdogo wake Telesphori, ambaye alikuwa naye machimboni. Shati alilileta yeye. Mgomba aliukata yeye. Mwaka uliofuata mgomba ulichipua kaburini, majani mawili ya kijani kibichi, wazee wakaanza kunong'ona. Maduhu akaja na panga akaufyeka kabla maneno hayajawa mengi.

Na kaburi likishafunikwa, Maduhu akataka kumrithi mjane. Theopista akakimbilia misheni na mtoto wake. Tangu hapo hajakanyaga kwa wakwe.

Bwana Januari hakuwa mtu mbaya. "Mama Anisia," alisema, "mimi mwenyewe kwetu tunazika mgomba. Lakini serikali haiujui mgomba. Niletee mtu aliyemwona akifa, aape mbele ya hakimu, na pasipoti nakupa siku hiyo hiyo."

Sasa mnajua alichofuata kwenye mlango ule. Na wachimbaji hawakumdanganya walipomwelekeza kwa Silvesta. Machimboni hakuna anayetaja jina la nyumbani. Wengine huogopa polisi, wengine huogopa kwamba ardhi ikilijua jina lako itakuita. Mtu hushuka duarani kwa jina la kubuni na hupanda nalo. Mwakitolyo hawakumjua Telesphori hata siku moja. Walimjua Silvesta, na Silvesta alitoka hai. Theopista hakulijua hilo, maana mambo ya duara wanaume hawawaambii wake zao.

Haya, turudi kwenye viti vya Salvina.

"Ilikuwaje?" Theopista aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, nzuri, ya mtu aliyekuja kutoa pole.

"Nilikuwa nimepanda juu kunywa maji," Telesphori alisema, macho chini. "Duara likaanguka nyuma yangu. Watu wakaanza kulia. Na mimi nikalia. Halafu... sijui nikuambieje. Nikaona kama nimefunguliwa."

"Umefunguliwa nini?"

"Ile pumzi, Theopista. Ile pumzi ya mtoto. Kila nikilala naihesabu, ikikawia nashtuka nadhani ndiyo imekata. Wewe ulikuwa na moyo wa kuisikiliza. Mimi sikuwa nao."

"Kwa hiyo ukaniachia mimi niihesabu peke yangu."

Angejibu nini? Mimi msimuliaji nimewatungia waongo wengi katika gazeti hili, na karibu wote nimewapa kisingizio kimoja cha maana. Huyu nimemtafutia, nimekosa.

Theopista akatoa karatasi kutoka kwenye mfuko wake wa kitambaa, akaiweka mezani. "Sikuja kukudai miaka. Weka sahihi hapa kwamba wewe baba wa Anisia unaruhusu apande meli. Sahihi moja. Ukimaliza rudi kaburini kwako, sitakufuata."

Telesphori aliitazama kana kwamba ina miiba. "Nikitia sahihi nimekuwa Telesphori. Nikiwa Telesphori, nina mke wa kanisani Runzewe na mke wa kanisani hapa. Hiyo ni jela. Na Salvina je? Na Donatus?"

"Na Anisia je?"

Kutoka uani walimsikia Salvina akiimba huku anapuliza moto.

Telesphori akasogeza kiti. Alikuwa anapiga hesabu. "Ulikuja kutafuta shahidi," alisema. "Siyo? Aliyekuwepo. Aliyeona."

"Ndiyo."

"Basi umempata. Nitakwenda kwa hakimu. Nitaapa kwamba nilimwona Telesphori akifukiwa. Kadi yangu ya TANU inasema Silvesta. Nani atabisha?"

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mtu anajitolea kwenda kujishuhudia kifo chake mwenyewe, na anasema kwa ukarimu, kama anayekupa lifti ya baiskeli!

Theopista ni mwanamke wa rozari. Alijua kiapo cha uongo ni nini na hukumu yake ni ipi. Lakini alijua pia kwamba treni ya Dar es Salaam inaondoka kesho na meli haitazami machozi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akainama.

"Kesho asubuhi," alisema. "Usipokuja, nitarudi hapa kunywa chai na Salvina, na nitazungumza."

"Nitakuja."

Salvina akaingia na sinia. "Mmeelewana, dada?"

"Tumeelewana, mdogo wangu. Mumeo ana moyo wa kusaidia."

"Ndivyo alivyo," alisema Salvina, akamimina chai.

*

Asubuhi, chumba cha hakimu kilinuka wino na rangi mpya ya ukutani. Hakimu alikuwa mzee mwenye miwani, mpole, anayependa kufanya mambo yake polepole. Bwana Januari alikuja na jalada. Nje, chini ya ukuta, Vijaya aliketi juu ya masanduku yao, tayari kwa stesheni. Na ndani, mkono ndani ya mkono wa mama yake, alisimama Anisia, kwa sababu hakimu alisema lazima amwone mtoto anayeombewa safari.

Theopista hakutegemea hilo. Alikuwa amepanga Anisia abaki nje.

"Mtoto alikuwa na umri gani baba yake alipokufa?" hakimu aliuliza.

"Mitano, mheshimiwa."

"Maskini. Hata sura yake haikumbuki."

Theopista akaitikia kwa kichwa. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na haukumpa shida.

Telesphori akaingia. Amevaa kofia, kaishusha mpaka kwenye nyusi. Hakumtazama mtoto. Alichukua Biblia kwa mkono wa kulia, ule wa vidole vinne, akaapa mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba atasema kweli tupu.

"Jina lako?"

"Silvesta."

"Ulimfahamu Telesphori wa Runzewe?"

"Nilimfahamu sana, mheshimiwa."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Swali hilo hakulitazamia. Alikohoa mara mbili kwanza, akasugua kidevu kwa kile kigutu cha kidole, kisha akasema, "Alikuwa mtu wa kawaida. Alipenda nyumba yake."

"Ulimwona akifa?"

"Nilimwona kwa macho yangu. Kifusi kilimfunika. Alikuwa anamwita mkewe."

Kufa kwa uongo ni jambo moja. Kujipamba na kifo hicho, kujitia upendo ambao hakuwa nao akiwa hai, hilo lilimuuma kuliko miaka yote minne. Alitaka kumrukia palepale. Akabana mkono wa mtoto.

Na mkono wa mtoto ukambana yeye.

Anisia alikuwa anamtazama yule mwanamume. Alikuwa anatazama kigutu kikisugua kidevu.

"Baba," alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, maana pumzi zake hazikutosha kwa sauti kubwa. Lakini kalamu ya hakimu ilisimama.

"Umesema nini, mtoto?"

Bwana Januari akainua macho kutoka kwenye jalada. Telesphori akageuka rangi ya majivu.

"Usiogope. Umemwita nani baba?"

Anisia alimtazama mama yake. Hakukonyezwa, hakufinywa; Theopista hakuwa na nguvu hata ya kupepesa jicho. Mtoto akausoma tu uso ule, kama alivyouzoea kuusoma kila akiamka hoi na kutaka kujua kama leo ndiyo siku mbaya. Kisha akamgeukia hakimu.

"Nimemfananisha, babu. Baba yangu ni mgomba. Nilimwona anazikwa. Amevaa shati lake."

Hakimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuuliza zaidi. Akaandika, akageuza kiapo, Telesphori akatia sahihi ya Silvesta, Theopista akatia yake kwamba ni mjane, na muhuri ukapigwa.

Telesphori alikuwa amekufa, safari hii kiserikali.

Na mimi nasema wazi, hata kama mhariri atanikata: siwezi kumsamehe mtu yule. Mtoto anayehesabiwa pumzi ametumia pumzi zake tatu nne kumficha baba aliyemkimbia, na baba ameketi kwenye benchi anajifuta jasho kwa kofia! Baba huyo alipompita kwenda kuketi, Anisia alisogea kando kumpisha, kwa adabu, kama anavyopishwa mgeni.

"Asante, mheshimiwa," Theopista alisema. Tayari alikuwa anafunga mfuko. "Bwana Januari, sasa tunaweza..."

"Subiri kidogo, mama," hakimu alisema. "Mahari yako ililipwa?"

"Ililipwa, mheshimiwa. Ng'ombe wote."

"Basi bado kidogo. Baba akiwa hai, ruhusa ni yake. Baba akifa na mahari imelipwa, mtoto ni wa ukoo wa baba. Ndivyo ilivyo katika sheria ya mila. Atakayeruhusu atoke nchini ni mkubwa wa ukoo au yule aliyewekwa kuwa mlezi."

Theopista alimgeukia Bwana Januari. "Bwana, uliniambia kifo kinatosha!"

Januari alikuwa ameshika paji la uso. "Nilidhani wameshakuandikia ulezi, mama. Kifo kinaondoa ruhusa ya baba. Hakiuondoi ukoo."

"Lakini ukoo uko mbali. Treni ni leo!"

"Kwani marehemu aliacha ndugu wa kiume?" hakimu aliuliza.

"Aliacha, mheshimiwa," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Ndiye mimi."

Maduhu! Kanyoa ndevu, kavaa koti la kitani, kofia ya pama mkononi. Akainama kwa hakimu, akampa mkono Januari, akamwambia Theopista, "Shemeji, habari za siku nyingi," akaja kuketi kwenye benchi. Pembeni ya nani? Pembeni ya shahidi. Akaushika ule mkono wa vidole vinne kwa mikono yake yote miwili.

"Nakushukuru, kijana," alisema kwa huzuni ya kutosha. "Umetuondolea wingu. Kaka yangu sasa amelala."

Hapo Theopista akaona.

Mtu aliyemlilia ndugu yake mpaka akagaagaa chini, aliyeukata mgomba kwa mkono wake, anamkuta ndugu yule yule ameketi kwenye benchi mjini Shinyanga, na hashtuki? Hata jicho halimtoki? Maduhu alijua. Alijua alipoleta shati. Alijua alipofyeka yale majani mawili ya kijani. Mmoja alitaka kuondoka, mwingine alitaka shamba, ng'ombe na mke, wakagawana kama wagawanavyo nyama ya mnada. Na jana, chai ya Salvina haijapoa, mtu alitumwa kwa lori la usiku kumwita Maduhu aje alinde fungu lake. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Wewe ndiye mlezi wa mtoto huyu?" hakimu aliuliza.

"Wazee waliniweka, mheshimiwa. Shemeji ndiye aliyetoroka."

"Unaruhusu mtoto asafiri kwa matibabu?"

Maduhu akatikisa kichwa polepole, kama anayeumia. "Mtoto wa kaka yangu akafie majini, atupiwe samaki? Nitawaambia nini wazee? Hapana. Mama yake arudi kwanza nyumbani, aingie ndani ya nyumba yangu kama mila isemavyo. Tukivuna pamba, tutakaa chini tuyazungumze hayo ya Bombei."

"Tukivuna pamba!" Theopista alisema. "Mtazame midomo yake, Maduhu! Unadhani tundu linangoja pamba?"

"Mtoto ni wetu, shemeji. Umesikia sheria."

Hakimu alikunja uso. Ilionekana hakulipenda jambo lile. Lakini kulichukia jambo si kulibatilisha, naye akaanza kutafuta utepe wa kufungia jalada. "Mama, nenda ukapatane na wakwe zako," alisema. "Mimi hapa mikono yangu imefungwa."

Huko nje filimbi ilisikika upande wa stesheni. Vijaya akachungulia mlangoni, akaona nyuso, akarudi nyuma bila kuuliza.

Telesphori aliinuka. Shahidi kamaliza kazi, anaruhusiwa kwenda. Alipopita karibu na Theopista alisema bila kufungua midomo sana:

"Usithubutu. Nami nimeapa, nawe umetia sahihi. Tutaingia ndani wote. Mtoto atabaki na nani? Na Maduhu. Nyamaza, urudi nyumbani. Mimi ni maiti."

Ilikuwa kweli kila neno, na ndiyo maana ilikuwa chungu. Akinyamaza, Anisia hapandi meli. Akisema, anakwenda jela kwa kiapo cha uongo na Anisia anabaki mikononi mwa yule mwenye panga. Alikuwa ametembea kutoka Runzewe mpaka hapa akifungua mlango mmoja mmoja, na wa mwisho kaufunga kwa sahihi yake mwenyewe. Kamuua baba kwa karatasi, na baba ndiye peke yake aliyeweza kusema ndiyo.

Alimtazama mtoto. Anisia alikuwa ameketi sakafuni kwa kuchoka, mgongo ukutani, anapumua. Chumba kizima kilikuwa kinaisikia pumzi ile. Hata Telesphori aliisikia. Alisimama mlangoni kidogo, mkono kwenye komeo, uso kauinamisha, kama zamani.

Kusimama huko ndiko kulikomponza. Angetoka.

"Mheshimiwa," Theopista alisema. Hakupandisha sauti. "Naomba jalada lisifungwe. Mnaniambia baba akiwa hai, ruhusa ni yake, si ya ukoo. Nimesikia vizuri?"

"Ndivyo, mama. Baba akiwa hai."

"Basi kabla hatujamuuliza mdogo mtu, mimi naomba tumuulize marehemu."

Bwana Januari aliinua kichwa. Maduhu aliliachia koti lake alilokuwa analinyoosha. Hakimu akatabasamu kwa huruma, akidhani uchungu umemzidi mwanamke wa watu.

"Mama yangu," alisema, "marehemu tutamuuliza kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili, mheshimiwa," Theopista alisema, na akanyoosha kidole mlangoni. "Anakifahamu. Umetoka kumwapisha sasa hivi."